Maneno Kwanza: Utetezi wa Vivinjari vya Matini

Mwanafunzi wa Silibwet, katika Kaunti ya Bomet, anayeunganisha kompyuta yake na simu hununua data kwa megabaiti. Afunguapo ukurasa ili asome aya tatu tu, hulipia pia picha, video na matangazo ambayo hakuyaomba. Ni sawa na kununua majani ya chai yaliyopimwa pamoja na kikapu.

Dawa ipo, wala si ngeni. Lynx, kivinjari kilichoundwa katika Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, mwaka 1992, huonyesha maneno na viungo bila kupakua picha. Hutumia data kidogo na huendeshwa hata na kompyuta kuukuu. Aidha, humfaa asiyeona, kwani maandishi matupu husomeka kwa urahisi na programu ya kutamka maneno.

Yamkini mpinzani atasema kwamba kurasa nyingi za leo, hasa za kujaza fomu, hukwama katika Lynx. Ni kweli. Hata hivyo, shairi au makala hayana sababu ya kukwama.

Hapa ndipo wanakiswahili wanapopaswa kujihoji. Tasnifu ya Kiswahili ikiwekwa mtandaoni kama picha za kurasa zake, haisomeki katika kivinjari cha matini, neno lililomo halitafutiki, wala asiyeona hasomewi. Ipo haja, basi, ya idara na vyama vya Kiswahili kuziweka kazi zao mtandaoni zikiwa maandishi. Lugha ni maneno. Isifungiwe ndani ya picha.