Mhandisi wa Vifaa Abaki Sumbawanga

Kijana wa Rukwa akijifunza kuandika programu za vifaa, ushauri anaopewa ni mmoja: hamia Dar. Watu wanakubali kwamba mtengeneza tovuti anaweza kufanya kazi popote penye intaneti. Ila anayeandika programu ya mita ya maji, ya sola ya kulipia kidogo kidogo au ya kihisi cha joto ghalani, wanasema, lazima awe jirani na maabara kwa kuwa kazi yake ina saketi za kushika mkononi. Si kweli, na imani hii inatunyang'anya watu tunaowahitaji.

Kifaa kikishafungwa Laela, Matai au Mtowisa kule chini ya mteremko wa Lyamba lya Mfipa, aliyekiandikia programu yuko mbali nacho hata akiwa Kijitonyama, Dar. Anasoma kumbukumbu zinazotumwa kwa laini ya simu, anakipelekea toleo jipya hewani, na kama ni makini ameshagawa hifadhi ya kifaa sehemu mbili ili toleo jipya likikwama kifaa kirudie la zamani chenyewe. Kinachobaki cha kushika mkononi ni bodi ya majaribio, pasi ya kulehemu, mita na osiloskopu ndogo. Meza moja inavitosha, na vyote vinapanda basi.

Tena mimi nasema Sumbawanga inaifaa kazi hii kuliko Dar. Chukua kifaa kinachotuma taarifa kwa mtandao wa 2G. Modemu yake inapotuma, kwa kitambo kifupi mno inaweza kuvuta hadi ampea 2. Mnara ukiwa karibu, inatuma kwa nguvu ndogo na betri haitikisiki. Mnara ukiwa mbali, inatuma kwa nguvu zake zote. Ongeza baridi ya Julai katika uwanda huu ulio takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri betri imezubaa, volti zinaporomoka, kifaa kinazimika, kinawaka, kinatafuta mtandao, kinazimika tena, hadi betri inakwisha kabisa. Kwenye meza ya Dar, penye joto na minara kila upande, hitilafu hiyo haionekani, na mkulima akilalamika anaambiwa amekitumia vibaya. Anayeishi huku anaikuta kabla ya chai. Dawa yake ni mistari michache: kifaa kipime betri kabla ya kuwasha modemu, na kila kinaposhindwa kuunganishwa kisubiri zaidi kabla ya kujaribu tena.

Watasema umeme. Ni kweli, kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga umenunuliwa Zambia, na kukatika kwake tunakujua. Watasema intaneti. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Dar nayo iliumia. Mwenye bodi na programu yake mezani aliweza kuendelea, maana sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji intaneti. Vipuri ndiyo shida ya kweli, lakini hata wa Dar anaviagiza nje. Sisi tunaongeza safari ya basi tu.

Kuna na mahindi. Huu ni mkoa wa mahindi, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una maghala hapa. Unyevu wa punje ukizidi asilimia 13.5, hazifai kuhifadhiwa. Ukungu unaingia na sumukuvu nyuma yake. Kihisi cha unyevu kikianza kudanganya, nani atajua mapema kama si mtu anayeweza kutembea hadi ghalani na kupima gunia lile lile kwa mkono wake?

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina kampasi hapa Rukwa, kwa hiyo vijana wa kuajiri hawakosekani. Kampuni zinazouza vifaa vijijini zifute sharti la kuishi Dar katika matangazo yao ya kazi, na kila kijana wa huku anayeajiriwa atumiwe bodi mbili: moja ya kufanyia kazi, nyingine ya kuunguza.