Kulenga soko si kulikimbilia

Methali ya haraka haraka haina baraka inamsaidia kidogo tu mfanyabiashara wa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Samaki hasubiri. Mwenye lengo na mwenye pupa wote wanakwenda mbio. Tofauti ni kwamba mmoja ameamua kabla bei haijatikisika, mwingine ananunua kwanza kisha anatafuta sababu.

Mfano ni dagaa. Wavuvi huwavuta kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, uvuvi hupungua na bei hupanda. Mwenye pupa huiona bei hiyo, akakopa na kujaza ghala. Giza likirudi, mitumbwi hujaa, naye hubaki na magunia ya bei ghali. Mwenye lengo huwa amenunua wakati wa giza, na mbalamwezi humkuta akiuza.

Hata hivyo, kuwa na lengo si kung'ang'ania njia moja. Sangara ni fundisho tosha. Desemba 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu. Chini ya agizo la Januari 1998, waliogandishwa waliweza kuingia baada ya kupimwa. Aliyeuliza kilichozuiwa hasa ni nini aliona mlango uliobaki wazi. Aliyeishia kusikia kwamba Ulaya imefunga hakuwa na la kufanya ila kuhamaki.

Aprili 1999 likaja zuio jingine, safari hii kwa sababu ya sumu iliyotumiwa kuvulia, nalo likagusa samaki wa Ziwa Victoria kwa ujumla. Kugandisha hakukuwa jibu tena. Kazi ilihamia mwaloni: kujua samaki amevuliwa wapi, na kwa njia gani.

Mfanyabiashara na mwekezaji mdogo anashauriwa kuandika mambo matatu kabla ya kutoa fedha: bei ya juu kabisa ya kununulia, siku za kukaa na mzigo, na hasara atakayoikubali kabla ya kuuachia. Bei ikibadilika, karatasi isomwe kwanza. Sababu ya biashara ikibadilika, iandikwe upya. Anayeichana kwa kuwa jirani amenunua hana lengo. Ana pupa tu, na deni la pupa hulipwa kwa mtaji.