Alama za Shule Zisomwe Pamoja na Hali ya Wanafunzi

Kila matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, wakazi wa Rongo hulinganisha shule zao kana kwamba wanafunzi wote walianza safari mahali pamoja. Shule ya Kanga husifiwa. Shule ya kutwa ya kijijini hudharauliwa, na mwalimu wake huitwa mvivu. Sisi tunaopigania haki hatuwezi kuikubali hukumu hiyo, kwa maana imetolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa.

Kanga ni shule ya kitaifa ya bweni kwa wavulana. Katika miaka ya mtihani wa darasa la nane, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ilipokea kutoka pembe zote za nchi watoto waliopata alama za juu. Shule ya kutwa hupokea jirani zake: mtoto wa mkulima wa miwa anayengoja malipo, binti anayechota maji kabla ya kwenda darasani, yatima anayelelewa na nyanya yake. Sifa za Kanga ni halali, lakini hazithibitishi kwamba watoto wa Rongo wanasoma vema. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 124,587 katika kaunti ndogo ya Rongo. Shule moja iliyo ya taifa zima haiwezi kuwa kioo cha umma huo.

Wasomaji wetu wa makanisani wanaujua mfano wa talanta. Aliyepewa mbili akaleta nne alisifiwa sawasawa na aliyepewa tano akaleta kumi. Kipimo cha shule kiwe hicho hicho: mwanafunzi aliingia na nini, akatoka na nini?

Mwaka 2014 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku kuzipanga shule kwa nafasi. Marufuku hayo hayakuondoa tofauti kati ya shule. Yalimnyima mzazi njia ya kuziona. Hatudai kurudishiwa orodha ya washindi. Tunadai kila shule ya umma itangaze alama za wanafunzi walipoingia na walipomaliza, idadi ya walioacha masomo njiani, walimu walioajiriwa na serikali na wale wanaolipwa na wazazi. Hapo ndipo itajulikana ni wapi mwalimu amezembea, na ni wapi serikali imezembea.

Sheria iko upande wetu. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaitaka ofisi iliyoombwa ijibu ndani ya siku 21. Makanisa yaliyo wadhamini wa shule yana wawakilishi katika bodi kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Wawakilishi hao waulize maswali haya katika kikao kijacho, na majibu yasomwe kanisani mbele ya wazazi.

Kifungu cha 2A kilipofutwa mwaka 1991, mwananchi alipata uhuru wa kuchagua chama. Lakini atamchaguaje kiongozi kwa haki, ilhali hajui kilichotendewa watoto wake? Ndugu zetu, andikeni barua hizo sasa.