Wiki Sita Si Nyingi kwa Kuuokoa Mguu

Kazi ya askari ni kazi ya miguu. Awe katika doria ya usiku mjini Jinja, awe katika lindo la Mbale, awe miongoni mwa wanajeshi ambao mwaka 2017 walikabidhiwa ulinzi wa uvuvi wa Ziwa Viktoria, akishuka mashuani kwenye mwalo wa Masese huku buti zikichuruzika maji, askari asiyeweza kusimama hawezi kutimiza amri. Kwa sababu hiyo twaona yafaa leo tuzungumze na ndugu zetu wa jeshi na polisi juu ya adui asiyeonekana kwa darubini ya mlinzi: kidonda cha mguu wa mwenye kisukari, hasa kile ambacho kimekwisha kufika mfupani.

Yako mambo mawili yanayokifanya kidonda hiki kuwa cha hatari. La kwanza, sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, mguu ukaingia ganzi. Changarawe iliyomo butini, msumari wa ubao wa mashua au lengelenge la gwaride, ambavyo vingemfanya mwenzake achechemee siku ile ile, yeye havisikii. La pili, kisukari huibana mishipa ya damu, hata damu inayobeba kinga na dawa ikafika mguuni kwa uchache. Bakteria wasipozuiwa katika nyama hupenya hadi mfupani. Mfupa uliovamiwa hufa kidogo kidogo, na kile kipande kilichokufa, kwa kuwa damu haikifikii tena, huwa ngome ambamo bakteria hujificha dawa isiwapate.

Hapo ndipo panapotendeka kosa kubwa, kambini na uraiani. Mtu hununua vidonge vya siku tatu dukani, humeza mpaka usaha upungue, kisha huviweka vilivyobaki. Ngozi hufunga juu, na vita vyaendelea chini. Baada ya muda kidonda hufumuka upya, na huenda bakteria waliosalia ndio waliokwisha kuizoea dawa. Madhara ya usugu huo hayaishii katika mguu mmoja. Watafiti walikadiria kwamba katika mwaka 2019 peke yake vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria waliozishinda dawa.

Mwongozo wa kimataifa wa kutibu maambukizo ya mguu wa kisukari, uliotolewa mwaka 2023, waeleza jambo hili waziwazi. Kidonda kisicho na dalili za maambukizo hakihitaji antibiotiki. Chahitaji kusafishwa na kuondolewa uzito. Maambukizo ya ngozi na nyama kwa kawaida hutibiwa kwa wiki moja au mbili. Lakini mfupa ulioambukizwa, ikiwa haukukatwa, wahitaji antibiotiki kwa wiki sita. Iwapo daktari amekata sehemu iliyooza, na maabara ikaona bakteria katika ukingo wa mfupa uliobaki, dawa huendelea hadi wiki tatu.

Wako watakaodhani kwamba miezi mitatu ni bora kuliko wiki sita. Watafiti wa Ufaransa walilipima jambo hilo kwa wagonjwa 40 wasiofanyiwa upasuaji, na mwaka 2015 wakatangaza matokeo: walionusurika kwa wiki 6 walikuwa asilimia 60, na kwa wiki 12 asilimia 70. Kwa idadi ndogo ile tofauti hiyo haikuweza kuhesabiwa kuwa ya hakika, na waliotumia dawa kwa muda mrefu walisumbuliwa zaidi na tumbo. Wako pia wasioamini ila sindano. Utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2019, juu ya wagonjwa zaidi ya 1,000 wa maambukizo ya mifupa na viungo, ulionyesha kwamba vidonge vilivyochaguliwa vyema havikushindwa na dawa ya mshipani. Maana yake ni kwamba askari aweza, kwa idhini ya daktari, kutibiwa akiwa nyumbani kwake, mradi asiruke dozi.

Lakini dawa haichaguliwi kwa kubahatisha. Daktari hukipima kidonda kwa kijiti safi cha chuma aone kama chagusa mfupa; hupiga eksirei, akijua kwamba katika wiki mbili tatu za mwanzo picha yaweza isionyeshe kitu; na inapowezekana hupeleka maabara kipande cha mfupa wenyewe, kwa maana usaha uliopanguswa juu ya ngozi mara nyingi hutaja bakteria wasiohusika. Jinja na Mbale zote zina hospitali za rufaa za mkoa. Huko ndiko pa kwenda, si dukani. Na mguu ukivimba, ukinuka, ukigeuka mweusi, au homa ikipanda, safari ni ya siku ile ile. Daktari akisema kidole kikatwe, asikatae mtu: kidole kilichokatwa kwa wakati kimeokoa miguu mingi.

Sasa twawageukia makamanda. Dawa bila mapumziko ni sawa na kuziba mtumbwi huku wautoboa. Askari anayemeza antibiotiki asubuhi na kusimama lindo jioni auponda mfupa ule ule anaoutibu. Twajua kwamba wengi huficha vidonda kwa hofu ya kuonekana wavivu au kupoteza kazi, na wahenga walikwisha kusema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Hofu hiyo haiwezi kuondolewa na daktari. Yaweza kuondolewa na mkubwa wa kikosi. Basi wiki sita za kuondolewa kazi ya miguu zihesabiwe kuwa sehemu ya dozi, wala zisihesabiwe kuwa hisani. Akihamishwa kituo kabla hajamaliza, barua ya daktari na vidonge vyake vihamishwe pamoja naye. Na siku bunduki zinapokaguliwa, miguu ya wenye kisukari ikaguliwe pia.

Elimu hii si ngeni katika Busoga. Huko Buluba, kando ya ziwa hili hili, masista Wafransisko walianzisha mwaka 1934 kituo cha wagonjwa wa ukoma, ambapo Dokta Wanda Błeńska kutoka Poland alianza kuhudumu mwaka 1951, akadumu miongo kadhaa. Ukoma nao hutia ganzi. Funzo lake lafaa kwa kisukari vilevile: mguu usiosikia maumivu na ulindwe kwa macho. Utazamwe kila siku, nyayo na kati ya vidole. Buti likung'utwe kabla ya kuvaliwa. Wala usichovywe katika maji ya moto.

Wiki sita ni muda mfupi katika utumishi wa askari. Mguu uliokatwa haurudi milele. Mwongozo ule ule wataka kupona kusitangazwe kabla ya miezi sita tangu dawa kwisha. Basi atakayemaliza vidonge vyake na aendelee kujilinda, na mkubwa wake aendelee kumlinda.