SIYO KIRUSI JAMANI!

Huku Mikocheni joto lipo, bumu halijaingia, na hasira ninazo. Leo sina michapo ya hosteli.

Wiki hii mwenzetu mmoja kapewa yai. Kazi ilikuwa ndogo tu: programu ya kuonyesha alama za wanafunzi kwa nguzo ndani ya terminali, lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Jamaa kajenga nguzo zake kwa vitofali, █████. Kwenye laptop yake, safi. Kwenye mashine ya maabara zikatoka â–ˆâ–ˆâ–ˆ. Mkufunzi katazama, kasema "hii ina kirusi", sifuri. Imeisha hiyo!

Nasema hivi: ile sifuri haikuwa ya jamaa, ilikuwa ya maabara.

Kompyuta haijui tofali, inajua namba. Kitofali █ kwa UTF-8 ni baiti tatu: E2 96 88. Dirisha likizisoma kwa UTF-8, unapata tofali moja. Likizisoma kwa jedwali la zamani la Windows, la 1252, kila baiti inageuka alama yake: â, kistari, na kijikofia. Likizisoma kwa jedwali 437, lile la IBM PC ya mwaka 1981, unapata Γûê. Faili ni lile lile, halijaguswa! Ni kama kumwambia mgeni "njoo saa 2". Wewe unamngoja asubuhi, yeye anatokea mchana. Saa zenu zote ni nzima, ila mnahesabu tofauti. Sasa nani apewe sifuri hapo?

Kuna wanaosema angetumia alama ya # tu, yaishe. Sawa, nguzo utazichora kwa #. Na ng'ombe je? Andika ng'ombe kwenye Word, kile kikoma cha juu mara nyingi kinapindwa chenyewe kuwa ’. Kwa UTF-8 hicho ni E2 80 99. Kisome kwa jedwali la 1252 uone: ngâ€™ombe! Orodha ya darasa nayo, Ng’wandu anakuwa Ngâ€™wandu. Mnaiona ile â mwanzoni? Ni E2 ile ile ya kitofali. Kwa hiyo msiniambie haya ni mambo ya watu wa IT. Hiki ni Kiswahili chetu kinaharibiwa majina.

Halafu siyo kila ubovu ni ugonjwa mmoja. Ukiona kijisanduku kitupu, mara nyingi baiti zimesomwa vizuri ila fonti haina alama hiyo: badili fonti. Ukiona vitofali vipo ila kati ya mistari kuna nyufa, fonti na urefu wa mstari havijakubaliana: punguza nafasi ya mistari, au tumia terminali inayochora vitofali yenyewe bila kutegemea fonti, kama kitty. Na ukiona â–ˆ, angalia jedwali. Kwenye Windows andika chcp 65001 kabla ya kuendesha programu. Kwenye Linux andika locale uone kama UTF-8 ipo. Kwenye PuTTY nenda sehemu ya Translation. Basi! Hakuna haja ya kupiga mashine chini na kuanza upya.

Kinachoniuma ni kwamba sisi ni walimu watarajiwa. Kesho tunakwenda BTP, mtoto wa kidato cha pili anauliza "mwalimu, mbona jina langu limetoka hivi?", nasi tunajibu kirusi? Huyo mtoto ataamini kompyuta ina majini, na kosa ni lake. Ndivyo tunavyotengeneza watu wanaoogopa mashine maisha yao yote.

Najua jibu litakalokuja: muda hautoshi, mtaala mrefu. Acheni hizo. Haya niliyoandika hapa yanaingia ubaoni kwa dakika 20, na muda wa kutukaririsha vitufe vya Word upo.

Ninachotaka ni kidogo. Maabara itangaze mapema inatumia jedwali gani. Kazi ikitoka vibaya, mwanafunzi aruhusiwe kuionyesha kwenye mashine yake kabla ya kukatwa alama. Na hilo yai la jamaa lirudiwe kusahihishwa.

Naomba kuwasilisha. Mwenye hoja aje nayo, mwenye matusi abaki nayo.