Akiba ya Maji ya Kuzima Moto Ipimwe

Mwezi Juni 1994, moto uliteketeza bweni la wasichana katika Shule ya Sekondari Shauritanga, mkoani Kilimanjaro. Wanafunzi zaidi ya 40 walipoteza maisha. Agosti 2009 msiba wa namna hiyo uliikumba Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa, na wasichana 12 wakafariki dunia. Taifa zima liliomboleza. Lakini machozi peke yake hayazimi moto.

Shule nyingi za bweni zina matangi ya maji. Hata hivyo, matangi hayo yalijengwa kwa ajili ya kupikia, kufulia na kuogea, na mara nyingi jioni huwa yamekwisha kukauka. Kuwa na tangi si hoja. Hoja ni kiasi cha maji kilichomo usiku ule moto unapozuka.

Hesabu yake si siri ya wataalamu. Maji yanayotumika kwa dakika moja yazidishwe kwa dakika ambazo shule italazimika kujitegemea. Mpira mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, tangi la lita 5,000 litakwisha katika dakika 10. Mipira miwili kwa muda wa saa moja inahitaji lita 60,000, yaani tangi la zege lenye urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kina cha maji cha mita 3. Shule iliyo kilomita 80 kutoka kituo cha zimamoto haiwezi kuazima hesabu ya shule ya mjini. Tena gari la zimamoto likifika huwa na maji ya dakika chache tu, nalo litahitaji mahali pa kujaza.

Akiba hiyo lazima ilindwe. Bomba la matumizi ya kila siku litolewe juu ya kiwango cha akiba, ili maji ya kuzima moto yabaki chini hata jiko likikosa. Pampu isitegemee umeme peke yake, kwani umeme hukatwa moto unapowaka. Njia ya gari kufikia tangi iwe wazi, na mdomo wa bomba ulingane na mipira ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Watakuwapo watakaodai kwamba fedha hazitoshi. Paa la mita za mraba 300 likipata mvua ya milimita 200 hupokea lita 60,000. Mvua hiyo inanyesha bure. Kinachotakiwa ni mifereji, tangi na usimamizi.

Ni kweli kwamba maji peke yake hayatoshi. Dakika za kwanza huokolewa na milango iliyo wazi, madirisha yasiyo na nondo na mabweni yasiyosongamana. Lakini bweni la kwanza likiwaka, ni maji yatakayolinusuru la pili.

Kwa hiyo halmashauri, wahandisi na bodi za shule hawana budi kupima akiba hiyo kabla ya bweni kufunguliwa. Nao viongozi wa Chama wanapokagua miradi wasiridhike na rangi ya ukuta. Waulize tangi lina lita ngapi, na zitatosha dakika ngapi. Wazazi waliokabidhi watoto wao wanastahili jibu la tarakimu, si la matumaini.