WINGI WA MIKONO SI MIZANI YA HAKI

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu zangu katika imani, tarehe 29 Novemba 2009 wananchi wa Uswisi walipiga kura ya maoni kuhusu minara ya misikiti. Serikali yao na bunge lao waliwashauri walikatae pendekezo la kuipiga marufuku. Hawakusikia. Asilimia 57.5 ya waliopiga kura walitaka isijengwe minara mipya, na marufuku hiyo ikaandikwa ndani ya katiba.

Unajua nchi nzima ilikuwa na minara mingapi? Minne tu.

Katiba hiyohiyo, kifungu cha 15, inamhakikishia kila mtu uhuru wa dini. Lakini Waislamu walikuwa takriban 5 katika kila watu 100. Watano watawashindaje 95 kwa kura? Hakuna aliyeiba kura pale. Utaratibu ulifuatwa wote, na bado ikawa dhulma.

Hapo ndipo pa kujifunza. Kura ni njia nzuri ya kuamua nani atuongoze, kodi itumikeje, barabara ipite wapi. Ukishindwa leo, kesho unaweza kushinda. Lakini ibada ya mtu, riziki yake, mali yake na heshima yake si vitu vya kupigiwa kura na majirani. Ndiyo maana jamhuri zikawekewa katiba na mahakama, ili hata mtu mmoja apate pa kusimama mbele ya wengi.

Najua wengine mmeshaanza: "Kweli kabisa sheikh, wametuonea!" Subirini, sijamaliza.

Mwaka mmoja mtaani kwetu, siku chache kabla ya Ramadhani, tuliitisha kikao. Kulikuwa na mama mjane, si Muislamu, akiuza uji na chapati asubuhi kwa mafundi wa ujenzi. Ikaletwa hoja kwamba afunge biashara mwezi mzima. Hakuna aliyeuliza watoto wake watakula nini. "Wanaounga mkono wanyooshe mikono!" Mikono ikapaa.

Mimi sikunyoosha. Lakini pia sikusema neno, na kofia yangu kichwani na elimu yangu kifuani. Mama akafunga. Baada ya siku chache nilikutana naye njiani, akaniambia kwa adabu zake zilezile, "Shikamoo sheikh." Nilishindwa kumtazama usoni.

Niambieni, sisi na wale wapiga kura wa Uswisi tulitofautiana nini?

Mtu atasema Ramadhani ina heshima yake. Ndiyo, ina heshima. Tungeweza kwenda kumwomba aweke pazia, na naamini angekubali. Jirani huombwa. Sisi tulimhesabia mikono.

Turudi kwa Mtume wetu (S.A.W.). Kabla ya kupewa utume, alihudhuria Hilful-Fudhul, nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, Makka. Mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen alikuwa amedhulumiwa mali yake na mkubwa mmoja wa Kikureshi, naye hakuwa na kabila pale la kumtetea. Wakaapa kusimama na aliyedhulumiwa mpaka arudishiwe haki yake. Na baada ya Uislamu kuja, Mtume alisema kwamba lau angeitwa tena kwenye kiapo kama kile, angeitika. Mgeni mmoja, mji mzima, na haki ikawa kwa yule mmoja.

Na katika Suratul-Maida, aya ya 8, Allah anatukataza kuacha uadilifu hata kwa watu tunaowachukia. Sasa itakuwaje kwa jirani ambaye hajatukosea lolote?

Basi ndugu yangu, dada yangu, siku ukiambiwa nyoosha mkono, iwe kikao cha mtaa, cha ukoo au kura ya taifa, jiulize mambo mawili. Je, hili ni jambo letu sote, au ni haki ya mtu mmoja? Na je, ningekuwa mimi ndiye yule mmoja, ningeridhika?

Ukiona ni haki ya mtu, usinyooshe mkono. Na usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.

Ewe Mola, tusamehe tulipodhulumu tukiwa wengi, na utunusuru tunapodhulumiwa tukiwa wachache. Amin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako.